Sahani ya Pili

Mtaa mzima ulikuwa na maoni kuhusu wimbo ule, na maoni hayo yalitolewa kwenye kibaraza cha Msusi, kwa sababu pale mtu hukaa kwa muda wa saa nne kichwa kikiwa mikononi mwa mwenzake na hana la kufanya ila kusema. Wimbo wenyewe hauna maneno mengi. Mwanamke anapakua chakula sahani mbili, anakula yake, ya pili anaifunika. Mwenye sahani hajarudi.

Sahani ya kwanza yangu, ya pili nimefunika,
kikipoa nitapasha, mlango sijaufunga.

Basi, ni hayo hayo mpaka mwisho. Wengine walisema maana yake ni mapenzi, hakuna zaidi, watu wasitafute makubwa. Muuza mkaa alisema maana yake ni kwamba mwanamume kashahama na mwenzake hajaambiwa. Msusi alishikilia kuwa mume wa kwenye wimbo amekufa zamani na mkewe anajua vizuri, ila akiacha kufunika ile sahani itabidi aanze kulia. Wakishabishana hivyo mpaka mate yakawakauka, lazima mmoja angesema wasijisumbue, maana ya wimbo ule inaishi nyumba ya tatu kutoka pale. Na wote wangegeuza shingo, hata yule aliyeshikwa kichwa, kuutazama mlango wa Dobi.

Dobi alikuwa mke wa Cheche, fundi wa kuchomelea, aliyefungwa miaka mitatu kwa kununua mabomba ya chuma ambayo hakuuliza yametoka wapi. Wimbo ule ndio uliopigwa kwenye harusi yao. Siku ya hukumu walipewa dakika mbili za kuagana, na Dobi hakuzipoteza kwa kulia. Alimwambia mumewe kwamba amesikia gerezani huwashwa redio Jumapili saa kumi jioni, kipindi cha salamu. Atatuma kadi kila wiki na ataomba wimbo wao. "Ukiusikia, ujue nipo," akasema. "Usipousikia, usiniulize." Shangazi yake Cheche alikuwa amesimama karibu, na shangazi yule akisikia kitu ni sawa na kimebandikwa ukutani. Kabla jua halijazama mtaa ulikuwa unajua ahadi ile neno kwa neno.

Dobi alituma kadi miezi minane. Alizinunua dukani, akajaza jina lake, jina la mumewe, jina la wimbo na maneno machache ya salamu, akazipeleka posta kila Jumatatu akienda kazini kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Maneno yake yalikuwa mafupi: Fundi wangu, sahani ipo. Mtangazaji aliizoea kadi ile, akawa anaiweka ya mwisho, ya kufungia kipindi.

Kisha Jumatatu moja alikaa na kalamu mkononi, na hakuandika. Kadi akaiingiza chini ya godoro. Jumatatu iliyofuata ikawa hivyo hivyo.

Liwekwe wazi mapema: hakukuwa na mwanamume. Mtaa ungemwelewa kwa mwanamume. Ungemtukana wiki mbili, ungemcheka ya tatu, kisha ungempa jina na maisha yangeendelea. Lakini mke aliyechoka tu, asiye na sababu ya kuonyesha kwa kidole, huyo watu hawajui wamweke wapi. Dobi alichoka kama unavyochoka mkono ulionyooshwa mbele umeshika kitu. Hujui ni dakika gani hasa, unashtukia tu kitu kiko chini. Na alipoona kiko chini alihisi nafuu, na nafuu ile ndiyo iliyomtia aibu kuliko yote.

Alisubiri mtaa umuulize. Badala yake, Jumatatu asubuhi bombani, jirani alimshika mkono akamwambia, "Shoga, tumekusikia jana. Mwenzio nimelia." Dobi alidhani ni kadi ya zamani iliyochelewa kusomwa. Wiki ya pili ikawa tena. Wiki ya tatu salamu zilitaja mvua iliyonyesha siku chache nyuma, na hapo hapakuwa na kadi ya zamani tena. Akapita kwa Msusi, na Msusi, ambaye katika maisha yake hakuwahi kutunza siri mpaka maji yachemke, alimwamkia huku akikitazama kitana.

Dobi akaelewa. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mama mkwe wake, Bi Mkubwa, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, ila Msusi alijua. Na Bi Mkubwa ndiye aliyetoa godoro juani wiki ile, kwa hiyo kadi tupu alikuwa ameziona. Mmoja alijua kwamba mwenzake ameacha, wa pili alijua kwamba mwenzake ameanza, na jioni wakakaa pamoja wakachambua mboga wakizungumzia bei ya sabuni.

Ingekuwa rahisi kama Dobi angelisema jambo lile siku ile ile. Hakulisema. Waliomsifu bombani aliwainamishia kichwa. Baadaye akajifunza kusema asante. Wasichana wa mtaani walipoanza kuhangaika na wachumba walioenda mbali, mama zao waliwaleta kwake awatie moyo, naye akawatia. Kwenye harusi alipewa kiti cha mbele. Alikikalia. Kitu kimoja tu hakuweza, nacho ni kuusikia ule wimbo, kwa hiyo akaomba zamu ya Jumapili, chumba cha mashine, ambako mapipa matatu ya kufulia yakizunguka pamoja huwezi kusikia hata mtu anayekupigia kelele sikioni. Wenzake walimshangaa. Wakasema huyu bila mumewe hana siku ya mapumziko, na hilo nalo likawa sifa.

Ilipita miaka miwili na ushei hivyo. Mwezi mmoja kabla Cheche hajamaliza kifungo, Dobi alipanga chumba karibu na hospitali, dirisha moja, choo cha kushirikiana na wapangaji wanne. Ufunguo aliuweka kwenye mfuko wa aproni yake ya kazi. Nia yake ilikuwa amwambie Bi Mkubwa wiki mbili kabla, ahame, na mwenye kusema aseme.

* * *

Cheche alipunguziwa wiki tatu kwa tabia njema, akarudi Alhamisi bila taarifa, amebeba mfuko wa plastiki. Msusi ndiye aliyemwona wa kwanza, na mteja wake wa siku hiyo alirudi kwao nusu kichwa kimesukwa.

Dobi alipotoka kazini alikuta viatu mlangoni mpaka barabarani. Alijua kabla hajaambiwa. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji na nguo zake zilinuka dawa ya kutoa madoa, na mkono wake, bila yeye kuuamuru, uliingia mfukoni ukaukamata ule ufunguo. Watu walimpisha. Cheche alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mama yake, amepungua, masikio yamekuwa makubwa. Aliinuka. Hawakukumbatiana, walishikana mikono kama watu waliotambulishwa sasa hivi, na wanawake wakaona hiyo ni heshima, wakapiga vigelegele.

Kisha Cheche akaomba kusema. Alisema hana zawadi, ametoka na mfuko una sabuni nusu na ndala. Lakini alichokuwa nacho mle ndani hakuna aliyekuwa nacho. Kila Jumapili saa kumi wafungwa walikaa chini uani, na ikifika kadi ya mwisho walikuwa wakimgeukia yeye. Walimwita Bwana Sahani. Askari mmoja alikuwa akimfuata kumuuliza mke wa namna ile anapatikana wapi.

"Jumapili mia moja na hamsini na moja," akasema. "Nilizihesabu. Sitaki mtu yeyote wa mtaa huu anyanyue mdomo juu ya mwanamke huyu. Mimi nimefungwa, yeye amengoja. Nimemaliza."

Shangazi alijifuta macho kwa upindo wa nguo. Muuza mkaa akasema basi leo ubishi umekwisha, maana ya wimbo tumeiona ikiwa na miguu miwili. Dobi alitazama chini. Walidhani ni haya ya mke, na kwa kweli ilikuwa haya. Alipoinua macho alimwona Bi Mkubwa kwenye kona, amepakata mikono, anatabasamu kama mtu anayesikiliza habari za mtoto wa mwenzake.

Cheche hakuwa amemaliza. Akasema Jumapili ile wote waje, redio itatolewa ukumbini, wausikilize wimbo ule pamoja ajue yuko nyumbani. Lazima utapigwa, mke wake hajawahi kukosa. Dobi alisema ana zamu. Shangazi akasema mwanamke atakayekwenda kufua mashuka ya wagonjwa Jumapili ile basi moyo wake nao aupeleke ukafuliwe. Watu wakacheka. Dobi akabadilisha zamu.

* * *

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa Msusi kabla wateja hawajafika. Akakaa kwenye kiti cha wateja, ndani ya kibanda kilicho nyuma ya kibaraza, akauliza zimebaki ngapi.

"Ngapi nini?" Msusi akasema.

"Kadi."

Msusi alifunga mlango wa kibanda, jambo ambalo halijawahi kutokea mchana. Akaanza kueleza haraka haraka, kama mtu aliyeshikilia mkojo miaka miwili. Kwamba Bi Mkubwa alikuja siku ile ya kwanza na kadi mbili zilizonyooshwa kwa mkono, zinanuka godoro. Kwamba alimwapisha. Kwamba kila wiki alikuja kukaa pale pale alipokaa Dobi sasa, akasema maneno, na yeye Msusi akayaandika, ila akiyachuja. Ya kimama anayatoa, ya mke anayaweka. Lile la kwanza tu, "umekula?", mzee alikataa lisitolewe. Wiki iliyopita mguu wake ulivimba, akaona hawezi kuja kila wiki, wakaandika kadi nne kwa mkupuo na kuzituma pamoja, na bado haijasomwa hata moja.

"Na uliandika nini?"

"Shoga yangu, siku ile nilikuwa na bibi harusi kwenye kiti na wapambe wake sita wanaangalia saa. Mama akasema, nikaandika. Sikumbuki kama nilichuja."

Dobi akauliza, kwa sauti ndogo, kama Bi Mkubwa aliwahi kumsema vibaya. Kwenye kile kiti, miaka miwili, hata siku moja.

"Wewe? Hata," Msusi akasema. "Mimi ndiye nilikusema, samahani sana. Yeye aliniambia niandike, nisiongee."

* * *

Jumapili ile viti viliazimwa nyumba saba. Waliokosa viti walikaa kwenye mkeka, waliokosa mkeka walisimama dirishani. Redio iliwekwa juu ya stuli, na Cheche alikuwa ameipangusa. Bi Mkubwa alikaa kitandani kwa sababu ya mguu, mlango wa chumba ukiwa wazi ili asikie. Dobi aliwekwa kando ya mumewe, kiti cha mbele, kile alichokizoea.

Kipindi kilikwenda kama kawaida yake, majina ya watu wa mbali yanasalimia majina ya watu wa mbali, na wageni wakatania kila jina. Ilipokaribia mwisho wakanyamaza wenyewe. Mtangazaji akasafisha koo.

"Na ya kufungia ni kadi yetu ile tunayoijua wote. Inatoka kwa mkeo akupendaye, inakwenda kwa Fundi Cheche, popote ulipo ndani ya kuta hizo. Anasema: Umekula? Mimi mzima ila mguu umevimba tena, ule wa kushoto, ule nilioteguka siku nilipokubeba mgongoni kukukimbiza hospitali una surua."

Mtu mmoja alicheka, akidhani mtangazaji amechanganya kadi. Mtangazaji mwenyewe alisita, kisha akaendelea, maana kazi yake ni kusoma.

"Vaa fulana ya ndani, kifua chako si kizuri tangu ulipokuwa unanyonya. Ukitoka usije ukamlaumu mkeo kwa lolote. Anafanya kazi mpaka Jumapili. Ni mtoto mzuri, ni vile tu kachoka. Haya. Basi, wasikilizaji, mapenzi yana mambo yake, na wimbo ni ule ule."

Gitaa likaanza. Hakuna aliyeimba. Mwanamke wa kwenye redio akapakua sahani mbili mbele ya watu arobaini waliokuwa wakitazamana.

Shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kadi ile nani ameandika. Na Cheche, haraka, haraka mno, akacheka. Akasema ni mke wake huyo huyo, anapenda kuigiza sauti ya mama, hata gerezani walikuwa wanavunjika mbavu. Akampiga Dobi begani kidogo, kama anayemsukumia mtu chombo ashike.

Kilichotakiwa ni kicheko tu. Dobi alikitafuta, akakipata, kikawa kiko kooni tayari kutoka. Lakini shingo za watu zilikuwa zimeshageuka kuelekea chumbani, na naye akageuka, akamwona Bi Mkubwa anavuta shuka polepole kuufunika mguu wake wa kushoto. Mwanamke wa miaka sitini na nane, anaficha uvimbe wake kama aliyekutwa na kitu cha wizi.

"Si mimi," Dobi akasema. Alisimama, kwa sababu alihisi jambo lile si la kusemwa kwenye kile kiti. "Mimi niliandika miezi minane. Nikaacha. Zote zilizobaki ni za Mama. Nyinyi mlinisifu na mimi nikapokea, na nilikuwa najua."

Shangazi alimtazama juu mpaka chini. "Ulikuwa na nani?"

"Sikuwa na mtu, shangazi. Nilichoka."

Shangazi akabaki mdomo wazi, kama mtu aliyekwenda dukani na kuambiwa hakuna. Dobi angemtaja mwanamume, shangazi angekuwa na la kusema mpaka kesho. Wimbo ulikuwa bado unaendelea, na Cheche akanyoosha mkono akazima redio katikati ya neno. Hapo kila mtu akakumbuka kwamba ana mtoto nyumbani, ana chungu motoni, ana mgeni njiani. Walitoka bila kuaga vizuri, na kwa kuwa viti vilikuwa vyao walivibeba, kimoja kimoja, wakigongana navyo mlangoni na kuombana radhi kwa kunong'ona. Mama mmoja aliyewahi kumleta binti yake atiwe moyo alimpita Dobi bila kumtazama, akakibeba na kile kiti cha mbele.

Alibaki Msusi, anajifanya kutafuta kiatu ambacho kilikuwa mguuni mwake.

"Kaa," Bi Mkubwa akamwita kutoka chumbani. "Na wewe umo."

* * *

Wakakaa wanne, wawili kitandani, wawili sakafuni. Kwa muda walisikia tu watu wa nje wakirudisha sauti zao polepole.

Bi Mkubwa ndiye aliyeanza. Alisema yeye ni mwizi wa jina, na amelitumia jina la mwenzake kama anayevaa nguo ya mtu bila ruhusa. Siku alipoziona zile kadi tupu alifikiria amwambie Dobi neno, akaona atamwambia nini. Kungoja hakuamrishwi. Lakini akawaza pia mtoto wake amekaa chini uani, saa kumi, na kipindi kimekwisha bila wimbo, na watu wote wanamgeukia. Hilo hakuliweza.

"Huo wimbo watu wanabishana nao bure," akasema. "Mimi tangu siku ya kwanza nilijua. Yule mwanamke ni mama yake. Mke gani anapasha chakula miaka yote hiyo?"

Msusi alicheka kwa pua, akajizuia, akaomba msamaha. Dobi hakucheka. Alimgeukia mumewe, maana lile pigo la begani lilikuwa bado liko begani.

"Ulijua," akasema.

Cheche alikuwa anachokonoa kucha. Aliuliza alijua nini. Kisha akasema ndiyo.

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiuliza kama nimekula. Wewe hujawahi kuniuliza hivyo hata siku moja. Wewe ulikuwa unasema sahani ipo." Akaendelea kuchokonoa kucha. "Nikahesabu tu, kama wenzangu. Kule ndani ukiwa Bwana Sahani hata foleni ya maji unapishwa. Ningewaambia ni mama yangu?"

Dobi akasema hilo analielewa. La kule ndani analielewa lote, na asingemlaumu, yeye ni nani wa kulaumu. Lakini Alhamisi hakuwa kule ndani. Alhamisi alikuwa hapa, mlango wazi, na alisimama mbele ya mtaa mzima akasema yale aliyoyasema huku anajua.

Uso wa Cheche, ambao jela ilikuwa imeukausha, ulilowa taratibu kuanzia chini ya macho.

"Nilikuona ulivyoingia," akasema. "Mkono ulikuwa mfukoni, umeshika kitu. Nikajua huyu anaondoka. Nikaona nikikusifu mbele ya watu, utaona haya kuondoka."

Bi Mkubwa aligeukia ukuta. Alikuwa amemlea mwanawe asiibe, na alipofungwa kwa mabomba alijiambia hakujua kuwa ni ya wizi. Sasa alimsikia kwa masikio yake akieleza alivyotaka kumfungia mtu ndani ya nyumba, na hilo hakupata pa kuliweka.

Dobi akautoa ufunguo mfukoni, akauweka kitandani, mahali ambapo wote wangeuona. Akaeleza ni wa wapi. Akasema alikuwa aondoke kimyakimya, na hilo nalo si la kujivunia.

"Lini?" Cheche akauliza.

"Kesho, nikitoka kazini."

Msusi, ambaye hawezi kukaa muda mrefu bila kutoa ushauri, akasema kama ni kesho basi apitie uchochoro wa nyuma, kwa wafuga kuku, maana mbele watu watapanga mstari kama wanaopokea wageni. Dobi alifikiria, na alikuwa karibu kukubali. Cheche akatikisa kichwa.

"Atapita mbele," akasema. "Nilimsifu mbele yao. Na sanduku nitalibeba mbele yao."

* * *

Na alilibeba. Jumatatu saa tisa mchana, jua kali, sanduku la bati kichwani, Cheche mbele na Dobi nyuma hatua nne. Bi Mkubwa alitoka na mguu wake mpaka kizingitini, kitu alichokuwa amekatazwa. Alimpa Dobi sahani mbili za bati zilizofungwa kwa gazeti, na alipoona Dobi anasita kwa sababu ya wimbo, akamwambia asiwe mjinga, mtu hawezi kuanza nyumba bila vyombo.

Mtaa ulikuwa umejipanga kama Msusi alivyotabiri. Bombani maji yalijaa ndoo yakamwagika na hakuna aliyefunga. Mtu fulani aliguna. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kiunoni, ametayarisha sentensi tangu asubuhi. Lakini alipomwona mtoto wa kaka yake chini ya sanduku lile, shingo imezama mabegani, anamsaidia mkewe kumwacha, sentensi ile ikamkatalia. Muuza mkaa pekee ndiye aliyesema kitu. Alisema, "Fundi, shika vizuri, upande wa kulia unashuka," na kwa kuwa hakusema zaidi, watu baadaye waliona alikuwa na adabu kuliko wote.

Kwenye mlango wa chumba kipya Cheche aliteremsha sanduku akabaki amesimama, anajifuta jasho. Alitazama dirisha, akatazama bawaba za mlango, akasema ya juu imelegea, mtu akisukuma kwa nguvu itang'oka. Akasema anaweza kuja kuichomelea, mchana, Dobi akiwa kazini, si lazima wakutane. Dobi akasema atamwita fundi mwingine. Cheche akaitikia kwa kichwa, na wote wawili wakaona aibu, yeye kwa kusema na mwenzake kwa kujibu.

* * *

Wiki tatu zilizofuata kadi zilizobaki zilisomwa moja baada ya nyingine, maana redio haikuwa na habari za mtaa wetu. Bi Mkubwa aliendelea kuuliza kama mtu amekula, mtu ambaye sasa alikuwa amekaa naye meza moja. Kila ikifika saa kumi watu walipunguza sauti za redio zao, si kwa chuki, ni kama unavyogeuza uso jirani akitoka bafuni. Kwenye kibaraza cha Msusi hakuna aliyeuliza tena maana ya wimbo. Wasichana waliokuwa wakitiwa moyo na Dobi walipotea. Mmoja alikuja hospitali peke yake, akamsubiri getini, akamuuliza kama ni kweli mtu anaweza kuchoka tu. Dobi akasema ndiyo. Msichana akashukuru, akaondoka anatembea haraka.

Jumapili ya nne Dobi alikuwa zamu, ila si chumba cha mashine tena. Alikuwa ameomba meza ya kukunjia, ambako kuna madirisha, na kuna redio ya msimamizi iliyofungwa kwa mpira. Walikuwa wanakunja mashuka wawili wawili, wanakutana katikati na kuachana, wakati mtangazaji alipofika kadi ya mwisho, akasema leo wasikilizaji atawashangaza.

"Mtumaji ni mpya, ingawa anwani ni ile ile. Inatoka kwa Bi Mkubwa, mama wa Fundi Cheche, kwa jina lake mwenyewe. Inakwenda kwa Dobi, hospitali, chumba cha kufulia. Anasema: Umekula? Mguu umepungua. Sikungojei, ila ukipita uingie. Wimbo anasema upigwe wowote ule, mtangazaji achague mwenyewe, isipokuwa ule wa sahani."

Wenzake waliacha mashuka wakamtazama. Uso ulimwaka mpaka masikioni, akatamani mapipa yale matatu yaanze kunguruma. Kisha mtangazaji, ambaye kwa miaka karibu mitatu hakuwa ametafuta wimbo mwingine wa kufungia kipindi, akasikika akipekua sanduku lake la santuri hewani, anajisemea, anakosa la kuweka. Msimamizi ndiye aliyeanza kucheka.

"Wewe," akamwambia Dobi, "unaulizwa umekula."

Dobi alikuwa hajala tangu asubuhi. Akaliweka shuka mezani, akafunua sahani yake ya bati, akakaa dirishani akala chote.